Unyayo wa Kwale

Mwanangu alikuwa anakaribia kutembea, na mimi nilikuwa sitaki atembee. Najua hakuna mama anayesema hivyo. Wenzangu pale Mnyuzi walikuwa wanawashika watoto wao makwapani uwanjani, dede, dede, huku majirani wanapiga makofi kama kuna ngoma. Mimi wangu nilimfunga mgongoni kwa mbeleko tangu alfajiri hadi jua kuzama. Nilipalilia mahindi naye, nilitwanga naye, nilisonga ugali naye, moshi ukituingia sote wawili machoni. Akipiga mateke nilimwimbia. Akilia kutaka kushuka nilimwimbia kwa sauti zaidi.

Sababu ilikuwa mzinga. Niieleze mapema, usije ukadhani nilikuwa na wazimu.

Kwetu ni Handeni, upande wa Kwaluguru, na katika ukoo wetu mtoto wa kike anazaliwa na alama ya mama yake. Baba anampa jina, anampa kabila la kuandikwa kwenye karatasi, anampa na pua kama alivyopewa huyu wangu, lakini alama inapita kwa mama. Yetu ni unyayo wa kwale: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, na pale vinapokutana nukta moja iliyochomwa kwa chuma cha moto. Inachongwa kwenye mizinga. Ukipita porini ukaona mzinga wenye unyayo huo juu ya mti, unajua nyuki wale wana wenyewe, na unajua wenyewe ni kina nani. Wanaochonga ni wanaume na wanaopanda miti ni wanaume, ila alama wanayoichonga ni ya mama zao. Mwanamume wa kwetu hana alama yake. Anaazima.

Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyetusimulia ilikotoka. Mwaka wa njaa, zamani mno, mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliachwa nyuma na wenzake kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Asubuhi akaona nyayo za kwale vumbini. Kwale hakai mbali na maji. Akazifuata taratibu, na miguu yake ile ile, akafika penye maji, na juu ya maji pana mti una nyuki. Huyo ndiye wa kwanza wetu.

"Na wale waliomwacha?" tulikuwa tunauliza, ingawa jibu tunalijua.

"Hatujui walifika wapi," Bibi alijibu kila mara. "Hawana alama."

Kwa hiyo mtoto wa kike akizaliwa, anachongewa mzinga wake mwenyewe wenye unyayo wa kwale, na unapandishwa mtini kabla hajatembea. Kabla, siyo baada. Mtoto anayebebwa bado anafuata nyayo za mtu. Akishatembea kwa miguu yake amejipatia njia, na alama haimshiki tena. Sasa tazama mahesabu ya ukoo wetu yalivyokuwa: Bibi alizaa wawili, mama yangu na mjomba wangu. Mama alifariki nikiwa mdogo. Mimi ndiye binti pekee, na binti yangu ndiye pekee baada yangu. Wa kuchonga alikuwa mjomba, na hakuna mwingine. Huyu mtoto akikanyaga ardhi kabla ya mzinga, unyayo wa kwale unaishia kwangu.

Nilikua naichora ile alama kila mahali. Mwaka wa uhuru nilikuwa darasa la kwanza, nikaichora kwenye ukuta wa shule kwa mkaa, nikachapwa. Nilipofika sekondari, mwalimu wa siasa alitukaririsha nembo ya taifa kitu kimoja kimoja: mwenge, bendera, shoka na jembe, mkuki, mawimbi, mlima, pembe za ndovu, mwanamume huku na mwanamke kule. Niliikariri hadi ndotoni. Likizo nikaipeleka nyumbani, imechapwa juu ya daftari, nikamwonyesha Bibi. Akaitazama kwa muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hawa ni mume na mke?"

"Ni wananchi, Bibi."

"Wananchi wakizaa mtoto, atachukua alama ya nani?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini tangu siku hiyo sikuiona tena nembo ile bila kumtazama yule mwanamke kwanza.

Basi, nikamaliza kidato cha nne, nikaolewa Mnyuzi, na mume wangu ni Msambaa wa Lutindi anayefanya kazi kwenye genge la reli. Tulipopata mtoto, mama yake alishuka kutoka Lutindi kuja kulea. Mwanamke mwembamba, mcheshi, ana mikono isiyotulia. Alipoisikia habari ya mzinga hakunificha.

"Kwetu mtoto ni wa baba," alisema. "Baba ndiye mwenye mbegu. Wewe mkamwana ni shamba."

"Shamba nalo lina mwenyewe, mama."

"Lina mwenyewe, ndiyo. Aliyelipa mahari."

Tukacheka wote wawili, yeye kwa kuwa ameshinda, mimi kwa kuwa sijakubali.

Mjomba alikuwa amekwisha kukata gogo na kulitoboa, bado alama tu. Ndipo ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Akaniambia tuhame kwanza, mzinga utafuata. Nikasubiri. Mtoto akakaa, akatambaa, akasimama kwa kushika mtungi. Siku mtungi ulipopasuka kwa kushikwa, ikaja barua. Naikumbuka yote.

"Ndugu mpwa wangu. Salamu za ujenzi wa taifa. Napenda kukutaarifu kuwa kamati ya mizinga, ambayo mimi ni katibu wake, imepitisha kwamba alama zote za koo zifutwe, kwa sababu kijiji ni kimoja na nyuki ni wa wote. Kuhusu mzinga wa mtoto, suala hilo limeahirishwa. Wako katika ujenzi wa taifa, Katibu."

Katibu! Mtu aliyenibeba begani kwenda kuniandikisha shule, ananisainia Katibu. Nilisimama katikati ya nyumba nikapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka. Mume wangu alikuwa ndiyo anarudi kazini. Kazi yake ni kukaza misumari ya mataruma, na subira yake ni ya chuma vile vile. Akaisoma barua mara mbili.

"Limeahirishwa," akasema. "Halijakataliwa."

"Mtoto anasimama dede tangu Jumatatu! Na yeye nimwahirishe?"

"Basi nenda kwenu."

"Naenda."

Keshokutwa yake mgongo uliniuma sana, mara ya kwanza nikakubali kumwacha mtoto na mama mkwe niende kisimani. Nilimwagiza asimweke chini. Akasema, "Mimi nimelea saba." Nikaenda mbio, nikarudi mbio, maji nusu ndoo. Nikamkuta mama mkwe anafagia uwanja. Saa saba mchana! Jua la Mnyuzi la saa saba, hata mbwa hawavuki uwanja.

"Mama, unafagia saa hizi?"

"Kuku wamechafua."

"Kuku gani? Tunaye mmoja, na anaatamia."

"Basi ni yeye."

Mtoto alikuwa mkekani, ameoshwa miguu, ananichekea kwa meno yake manne. Nilimbeba nikamfunga. Usiku ule wakati wa kula mama mkwe akasema bila kuulizwa, "Nami nakwenda Handeni." Nilijua anachokifuata. Anakwenda kushuhudia nikishindwa, ili akawasimulie Lutindi.

Tulipanda treni hadi Korogwe, tukapata lori la Handeni, na kutoka pale barabarani tukaenda kwa miguu. Tulipokezana mtoto, na namshukuru mama mkwe kwa hilo, hakumweka chini hata alipokwenda msalani. Alinipa mimi kwanza. Ila mdomo haukufungwa. "Hivi mbuzi wenu wanakula nini, mawe?" "Huu ni mto, au ni mahali mto ulipokuwa?" Nilimwambia mama, kwenu mnaishi ndani ya mawingu, hamjui hata jua lina umbo gani. Akasema sasa analijua, ni kama kaango.

Kijiji kipya kilikuwa na nyumba zilizopangwa mistari kama mahindi. Ya Bibi ilikuwa mstari wa pili. Alikuwa amekaa nje, ungo mapajani, na mbele yake mjomba amepiga magoti juu ya mzinga mkuukuu, tezo mkononi. Nilisikia sauti ya tezo kabla sijamwona. Alikuwa anachonga kwa kufuta, wakati maisha yangu yote nilimwona akichonga kwa kuweka. Kila kipande cha mti kilichoruka, Bibi alikiokota na kukitia kwenye ungo. Nikachungulia. Vidole vya kwale vitupu, vimekatika katika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Ametembea?"

"Bado, Bibi."

Mama mkwe akaomba maji ya kunywa.

"Shikamoo mjomba," nikasema, na nilisema kama mtu anayetupa jiwe.

"Marahaba. Barua umeipata?"

"Nimeipata. Nimekuja kumtafuta huyo Katibu aliyeniandikia. Unamjua? Nasikia alikuwa mjomba wangu."

Mjomba akaweka tezo chini. Akaanza kunieleza umoja, akanieleza ubaguzi wa koo, nikamwambia nimeyasoma hayo miaka minne na mtihani nilifaulu. Nikamwuliza mizinga ya kijiji iko wapi. Akanyoosha kidole kwenye miti nyuma ya ghala. Ilikuwa kumi, na kila mmoja umepakwa namba kubwa kwa rangi ya mafuta ya kijani, ile iliyobaki walipopaka milango ya ghala.

"Ina nyuki?"

Akaokota tezo, akaipangusa.

"Mjomba, ina nyuki?"

"Nyuki wanazoea taratibu."

"Wiki ya tano hii," Bibi akasema. "Wanakuja, wananusa rangi, wanakwenda zao. Nyuki hawajahudhuria semina."

Na mjomba ndiye aliyenifundisha mwenyewe kwamba nyuki hapendi hata harufu ya sabuni! Nilimwambia yote niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo mengi tangu Mnyuzi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole kwamba wiki ya kwanza ya kuhamia, koo mbili zilitoana damu kwa ajili ya mizinga iliyochanganyika wakati wa kubeba. Kila upande unasema alama ni yake. Kijana alipigwa rungu. Ndipo yeye akasema alama zitoke zote.

"Na nimeanza na mizinga ya mama yangu," akasema, "ili asiwepo wa kusema katibu anapendelea kwao."

Hasira ilinishuka. Kidogo tu. Maana ule ungo uliojaa vipande ulikuwa wa mama yake.

"Kesho kuna mkutano," akasema. "Kama unayo ya kusema, sema pale. Mimi peke yangu siwezi kufungua kilichofungwa na kamati."

Asubuhi mkutano ukakaa mbele ya ghala, wanaume juu ya magogo, wanawake juu ya kanga zao, na mama mkwe wangu, mgeni, amepewa mfuniko wa mzinga akalie. Mtoto mgongoni kwangu, anavuta nywele. Nilisimama. Mtu mmoja akaropoka kabla sijafungua mdomo.

"Huyu si ameolewa Korogwe? Anatutakia nini?"

"Nakutakia asali," nikamjibu. "Wiki ya tano mnakula namba."

Wanawake wakacheka, na hapo nikapata nguvu. Ukutani pale ghalani, karibu na mlango wa kijani, palikuwa pamebandikwa nembo ya taifa. Nikaiendea. Nikawataja mwenge, mkuki, mlima, karafuu miguuni pa mwanamume, pamba miguuni pa mwanamke. Nikawaambia taifa zima lina alama, na limeweka vitu vya watu tofauti juu ya ngao moja. Wa mlima hakuambiwa futa mlima, wa pwani hakuambiwa futa mawimbi. Kwa nini sisi umoja wetu uwe gogo tupu lenye namba, kama mfungwa?

Mzee mmoja wa wafugaji, aliyekuja na fimbo yake kusikiliza habari za malisho, akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Ng'ombe wangu ana alama sikioni. Mkifuta alama, mtafuta na sikio?"

Hapo mkutano ulivurugika kwa kicheko, hata mjomba alificha uso kwenye daftari la kumbukumbu.

Nikachukua mkaa. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa juzi tu, na nilikumbuka viboko vya darasa la kwanza, nikachora vile vile. Ngao kubwa. Nikasema kila ukoo ulete alama yake, itachongwa ndani ya ngao hii, na ngao hii ndiyo itakaa kwenye mizinga yote ya kijiji. Wakapenda. Wakaja kuchora mmoja mmoja: kisu, mwezi mchanga, mikato miwili ya mlalo, jino la ngiri, na sikio la ng'ombe la yule mzee. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipochora unyayo wa kwale juu kabisa.

"Kwa nini nyinyi juu?"

Sikuwa nimefikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikaufuta, nikaweka kisu juu. Wenye mwezi wakasema mwezi haujapata kukaa chini ya kisu tangu dunia iumbwe. Nikaweka mwezi. Wenye jino wakasema wao hawakai chini ya mguu wa ndege. Jua likapanda. Ukuta ukawa mweusi wote, mikono yangu myeusi, mtoto amepata mkaa puani, na wale wa koo mbili zilizopigana walikuwa tayari wamesimama wanatazamana. Mjomba akanitazama kwa macho ya kuniambia, umeona sasa?

Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Ndipo nikasikia sauti yenye lafudhi ya Kisambaa nyuma yangu.

"Mkamwana, wewe umesoma sana," mama mkwe alisema. "Mzinga una ngao?"

"Sasa mama nifanyeje?"

Akainuka, akageuza ule mfuniko aliokuwa ameukalia, akaupiga vumbi kwa kiganja, akaushika juu watu wote wauone. Mfuniko wa mzinga ni duara, kama sinia.

"Juu ni wapi hapa?" akauliza.

Mwenye mwezi akainua kidole, akakishusha.

"Nionyesheni juu. Mimi ni mgeni, sijui mambo yenu."

Yule mzee wa ng'ombe ndiye aliyeanza kucheka. Wakafuata wengine. Nikachora duara juu ya ule uchafu wote, na alama zikakaa ukingoni, zote zikitazama katikati, kama watu wanavyokaa kuzunguka sinia la ugali. Wenye mwezi walipouliza nani anaanza kuhesabiwa, Bibi akawaambia aanze mwenye njaa. Wakapitisha: mizinga ya kijiji iwe na duara; mizinga ya nyumbani, kila mtu na alama yake, kama ilivyo kwa vishamba vya nyuma ya nyumba. Mjomba akaandika yote kwenye daftari, na nilimwona anaandika kwa kasi, kama anaogopa watu watabadili mawazo.

Wengine wanasema mkutano ule ni mimi niliushinda. Siyo kweli. Aliushinda Msambaa aliyekalia mfuniko.

Hatukusubiri kesho. Lile gogo la mtoto lilikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi, limefunikwa gunia, kavu kabisa. Mjomba akalilaza, akapiga magoti, akauliza tezo iko wapi wakati ameishika. Alichonga kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, akapuliza vumbi, akachonga cha nyuma. Sijapata kuona mtu anafurahi hivyo kwa mgongo. Uso hatukuuona, lakini mgongo ulikuwa unacheka. Nukta hachomi yeye. Nukta anachoma mama wa mtoto. Bibi akanitolea chuma motoni kwa koleo, nikakishika kwa kitambaa, nikakisukuma pale vidole vinapokutana. Ukatoka moshi mtamu wa mninga, mtoto akapiga chafya mgongoni, wote wakasema, "Amekubali!"

Tukapaka nta mlangoni mwa mzinga na tukaupeleka kwenye mti mkubwa pembeni mwa shamba la Bibi. Mtaa mzima ulifuata, maana siku hizi kila mtu ni jirani. Mjomba akapanda na kamba. Mzinga tukaufunga chini. Ili nisaidie kuvuta, nikamfungua mtoto nikampa mama mkwe.

"Mshike kwa mikono miwili," nikamwambia.

"Mimi nimelea saba."

Mjomba akavuta. Kamba ikakaza, gogo likajivuta majanini, likaacha ardhi kwa upana wa kiganja hivi. Na hapo nikasikia wanawake wanapiga kelele, "Uwii! Mtoto! Mtoto!"

Nikageuka. Mwanangu alikuwa amesimama peke yake nyasini. Mama mkwe amekunja mikono tupu. Mtoto akanitazama mimi, akautazama mzinga unaoning'inia, akaja. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu, ya nne, hadi kwenye mzinga, akaushika, akaubembeza. Hakuyumba. Nilishangaa kidogo, maana mtoto wa hatua za kwanza huyumba kama mlevi, lakini hapakuwa na nafasi ya kushangaa.

"Umeacha ardhi!" Bibi alikuwa anapaza sauti, kidole juu. "Mzinga umeacha ardhi kwanza! Mmeona wote? Nani hakuona?"

"Kiganja kizima!" mjomba alijibu kutoka juu, kamba imemkata mikono. "Mimi ndiye niliyevuta, nimeona!"

"Wewe uko juu, utaonaje kiganja?" mtu akachokoza.

"Mimi ni katibu!"

Hakuna aliyelala mapema siku ile. Paliliwa bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda, palichezwa, na Bibi alicheza na ungo wake wa vipande kichwani hadi vikamwagika vyote, akasema viache, si tunao mwingine?

Tuliporudi, mimi na mama mkwe tulikaa stesheni ya Korogwe kungoja treni. Alinunua machungwa, anayamenya kwa kisu bila ganda kukatika, mtoto anatembea kati ya mizigo ya watu kama mkaguzi wa tiketi. Nilikuwa na furaha ya kuumiza mashavu. Nikamwambia, "Mama, siku ile uliponyokwa na mtoto, uliniua."

"Sikuponyokwa. Nilimwachia."

Nikageuka.

"Nilikuwa naangalia kamba," akasema. "Ulipoinuka mzinga, nikamwachia. Nilitaka watu wamwone akitembea baada. Maana asingekaa tena mikononi, na angetembea tu nyumbani pale usiku bila kuyumba, watu wakajiuliza alianza lini. Huyu ameshaonja."

"Ameonja nini?"

Akanipa kipande cha chungwa.

"Unadhani kuku ndiye aliyechafua uwanja?"

Nikakumbuka jua la saa saba, ufagio, na ile miguu iliyooshwa. Alimweka chini kidogo tu, alisema, ageuze maharage jikoni, na mtoto akavuka uwanja mzima kutoka mkekani hadi mlangoni, amebeba kijiko. Nyayo ndogo zikabaki vumbini mstari mmoja. Alizitazama. Kisha akachukua ufagio.

Hasira iliyonipanda! Nilisimama pale stesheni nikataka kusema kila kitu, na watu wanatazama. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Si alikuwa ameshinda? Si mtoto alikuwa ni wa baba tayari, wa Lutindi, wa mbegu, kama alivyotaka?

"Ningesema," alijibu, "ningekula asali ya nani?"

Akacheka, akajipangusa mikono. Baadaye kidogo, mtoto alipojikwaa kwenye kikapu cha mtu na kuinuka mwenyewe, akaongeza, huku hanitazami: "Na mimi nilikuwa na mama. Sijui hata alama yake ni nini. Hakuna aliyeniuliza."

Nilikaa chini. Nilichukua chungwa lingine nikammenyea yeye.

Asali ya kwanza ilikuja baada ya masika, debe zima, nyeusi, ina harufu ya maua ya porini. Nusu niliipeleka Lutindi mwenyewe, mtoto akitembea mbele yangu. Mume wangu anajua siri. Mjomba hajui. Nami nimeiandika hapa kwa kuwa imenikaa kooni, na kwa kuwa nimekwisha kuamua: mwanangu ana alama mbili, ya nyayo zilizochongwa na ya nyayo zilizofagiwa, na atakayebisha aje Mnyuzi nimweleze kwa kirefu.

Nilijifariji kwamba Bibi hasomi. Lakini juzi mjomba ameandika, na safari hii amesaini Mjomba, kwamba Bibi ameanza kisomo cha watu wazima pale ghalani. Amekwisha kuzijua herufi zote. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia aandike chochote anachokijua, akachora unyayo wa kwale kwenye kibao. Mwalimu akasema, bibi, hiyo siyo herufi. Bibi akamrudishia kibao.

"Soma vizuri," akamwambia.

Kwa hiyo nina miezi michache tu.